Wapiga Makafi wa Mvita

Mtu wa Mji wa Kale, Mombasa, hamsifu mpiga kafi kwa mabega yake. Humsifu kwa kujua saa ya kuondoka. Kijana anaweza kuwa na misuli ya kubeba magunia bandarini Kilindini kutwa nzima, lakini akitoka na mtumbwi kukabili maji yanayokupwa kwa kasi, akawa anapiga kafi papo hapo mbele ya Ngome ya Yesu bila kusogea, walio ukutani hawatasema hana nguvu. Watasema hana akili, na watalisema kwa sauti ya kumfikia.

Kisiwa hiki kimezungukwa na maji ya chumvi yasiyotulia. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Maji yaliyotawanyika kwenye mikoko ya hori la Tudor lazima yarudi baharini kwa njia nyembamba kati ya kisiwa na Nyali, yakipita Bandari ya Kale. Daraja la kuelea la mwaka 1931 lilikaa juu ya mkondo huohuo mpaka daraja la sasa la Nyali lilipofunguliwa mwaka 1980. Vyombo viliupita mkondo huo karne nyingi kabla ya kuwapo daraja lolote.

Ndiyo maana saa ya kwanza ya mtoto wa mvuvi si ya ukutani. Hujifunza kwamba bamvua hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na alasiri, na kupwa kwenye saa nne. Kisha kila siku maji huchelewa kama dakika 50, mpaka yafike maji mafu, siku ambazo tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo. Haandikiwi popote. Hukaa shetri nyuma ya ami yake, kazi yake ni kufua maji na kunyamaza.

"Ami, twende?"

"Bado. Maji hayajasimama."

Ami anatazama takataka zinazoelea: jani la mnazi, kipande cha mbao, povu. Jani likipunguza mwendo, likajizungusha kidogo kama lisilojua liendako, kafi linaingia majini. Ukitaka kumjua fundi, mtazame hapo. Hapigi kwa pupa. Huambaa karibu na mwamba, nyuma yake ambako maji hujizungusha na kurudi, akabebwa na maji yaleyale yanayowashinda wengine katikati.

Chombo nacho kina adabu zake. Mtumbwi huchongwa gogo moja, mara nyingi la mwembe. Ngalawa huongezewa mirengu pande zote mbili ili isipinduke. Mashua na jahazi ni kazi ya fundi na ya mtaa mzima. Mbao hukalafatiwa kwa pamba, tumbo la chombo hupakwa shahamu, yaani chokaa iliyochanganywa na mafuta ya mnyama, na juu hupakwa sifa, yaani mafuta ya papa. Harufu ya sifa haizoeleki kwa mgeni, nami nasema wazi kwamba hata mwenyeji huizoea kwa kujilazimisha. Siku ya kushua, ubani hufukizwa, dua husomwa, chakula hupikwa, kisha watu hushika kamba na chombo huteremshwa kwa nyimbo, mmoja akianza na wengine wakipokea.

Mashindano ni sehemu ya desturi hii pwani nzima. Lamu, mbio za majahazi huenda pamoja na Maulidi. Na penye mbio hapakosi tambo. Mji wetu, uliomlea Muyaka bin Haji, malenga wa mwanzoni mwa karne ya 19, hauwezi kumwacha mshindi akanyamaza, wala mshindwa akalala salama. Mama karanga, wachuuzi wanaosubiri samaki ufuoni, nao wana neno, na lao huuma zaidi.

Michezo ya Olimpiki nayo ina mbio zinazofanana na upigaji kafi wetu kwa sura, za kayaki katika maji makali. Zilianza Augsburg, Ujerumani, mwaka 1972, zikaachwa, zikarudi mwaka 1992. Mwanamume hushuka peke yake akishindana na saa, kafi lake likiwa na bapa kila ncha, akipita malango ya nguzo zilizoning'inizwa juu ya maji. Za kijani hupitwa kwa kufuata mkondo, nyekundu kwa kuupanda. Kugusa nguzo ni sekunde 2 za adhabu. Kuruka lango ni sekunde 50. Kwenye mashindano ya Paris mwaka 2024, ambako Giovanni De Gennaro wa Italia alichukua dhahabu, maji yalikuwa ya pampu: ukibonyeza swichi, mto unasimama. Mzee wa Mji wa Kale angeona hilo ni dharau kwa maji. Lakini angeutambua ujanja mmoja mara moja: wale vijana nao hujificha nyuma ya kizuizi, kwenye maji yanayorudi, ili wapande.

Adhabu ndiyo isingemwingia akilini. Hapa kosa halihesabiwi kwa sekunde. Aliyekwama mkondoni mbele ya watu hupewa lakabu, na lakabu hiyo huweza kumfuata hadi kwenye harusi ya mwanawe.

Afrika iliyo kusini mwa Sahara ilipata medali katika mbio hizo mwaka 2008 kule Beijing, pale Benjamin Boukpeti, mzaliwa wa Ufaransa aliyeiwakilisha Togo ya babake, alipochukua shaba. Ilikuwa medali ya kwanza ya Togo katika Olimpiki yoyote. Kwa furaha alilivunja kafi lake vipande viwili akiwa bado ndani ya chombo. Dunia ilimpigia makofi. Barazani kwetu wangempigia pia, kisha mtu mmoja angeweka kikombe cha kahawa chini na kuuliza: na kurudi pwani, atapiga nini?