Wakala akisema "mtandao unasumbua", ni nini hasa kimekwama?

Ni siku ya mnada, saa nne asubuhi. Umeuza mbuzi wawili, mnunuzi amekulipa kwa simu, na sasa umesimama kwa wakala ukitaka kutoa shilingi 150,000 za ada ya mtoto. Wakala anabonyeza, anasubiri, anabonyeza tena. Kisha anainua kichwa: "Mtandao unasumbua, mzee wangu. Subiri kidogo."

Unaitazama simu yako. Alama za mtandao zimejaa zote. Jirani yako kwenye foleni anaongea na ndugu yake wa mjini bila shida yoyote. Sasa ni mtandao upi huo unaosumbua?

Wasikilizaji wetu hutuuliza swali hili mara kwa mara, na ni swali zuri. Mara nyingi kilichokwama si mnara ulio kilimani. Ni kitu kilicho mbali zaidi, ambacho wengi wetu hatujawahi kukiona: seva ya programu. Katika makala haya tunaeleza seva hiyo hufanya kazi gani, kwa nini hukwama, na wewe ufanye nini inapokwama na pesa yako.

Ombi lako husafiri wapi

Unapobonyeza namba ya siri, simu yako haitoi pesa. Inapeleka ombi tu. Ombi hilo hupita kwenye mnara, hufika kwenye mitambo ya kampuni ya simu, kisha huenda kwenye kompyuta kubwa zinazotunza hesabu za wateja. Kompyuta hizo zaweza kuwa mkoa mwingine au hata nchi nyingine. Huduma ya M-Pesa, kwa mfano, ilianza Kenya mwaka 2007, lakini kwa miaka kadhaa mitambo yake ilikuwa Ujerumani. Ilihamishiwa Kenya mwaka 2015.

Huko mwisho wa safari kuna kanzidata, yaani daftari kubwa lenye salio la kila mtu. Lakini si kila anayebisha hodi huruhusiwa kulifungua daftari hilo. Katikati husimama seva ya programu. Yenyewe hupokea ombi, huhakikisha wewe ni nani, hufuata taratibu za biashara, huandika kwenye daftari, kisha hukurudishia jibu.

Katika benki, mashirika ya bima na ofisi nyingi kubwa duniani, seva za namna hii huendesha programu zilizoandikwa kwa Java. Java ni lugha ya kompyuta iliyotolewa mwaka 1995 na kampuni ya Marekani ya Sun Microsystems. Kiongozi wa waliyoiunda alikuwa James Gosling. Wakulima wa kahawa watafurahi kujua kwamba jina lake linatokana na kahawa ya kisiwa cha Java, Indonesia, na nembo yake ni kikombe cha kahawa kinachotoa mvuke.

Wafanyabiashara waliipenda kwa sababu programu ikishaandikwa kwa Java, huweza kufanya kazi kwenye kompyuta za aina nyingi bila kuandikwa upya.

Hesabu ya wahudumu 200

Fikiria mgahawa wa mama lishe siku ya mnada. Kuna wahudumu, na kuna jiko moja. Mhudumu huchukua agizo, husimama dirishani mwa jiko mpaka sahani itoke, humpelekea mteja, kisha humfuata mteja mwingine. Jiko likienda haraka, wahudumu wachache hulisha watu wengi. Jiko likichelewa, wahudumu wote hujikuta wamesimama dirishani, na mteja mpya hana wa kumsikiliza. Mgahawa haujafungwa na moto haujazimika, lakini aliyesimama mlangoni ataapa kwamba hakuna huduma.

Seva ya programu hufanya kazi hivyo hivyo. Tukichukua moja inayotumika sana, iitwayo Tomcat: ikiachwa na mipangilio iliyokuja nayo, huwa na wahudumu wasiozidi 200 kwa wakati mmoja. Sasa tupige hesabu pamoja. Kila ombi likichukua nusu sekunde, wahudumu 200 humaliza maombi 400 kila sekunde. Lakini tuseme benki iliyo upande wa pili imechelewa kujibu, na kila ombi sasa linachukua sekunde 20. Wahudumu wale wale 200 watamaliza maombi 10 tu kwa sekunde. Kutoka 400 hadi 10, na hakuna kilichoharibika. Kilichopo ni kusubiri tu.

Hapo ndipo mambo huzidi kuwa mabaya. Mteja asiyepata jibu hubonyeza tena, na wakala naye hubonyeza tena. Kila kubonyeza ni ombi jipya linaloongeza foleni iliyokwisha kujaa. Ndiyo maana mwisho wa mwezi, siku za mshahara na mkesha wa sikukuu huwa na malalamiko mengi zaidi.

Kuna jambo jingine linaloudhi. Huduma moja ikichelewa, tuseme ununuzi wa umeme, yaweza kuwashika wahudumu wote hata wale wa kutoa pesa, kwa kuwa wanatoka kundi moja. Mafundi wazuri hulizuia hili kwa njia mbili. Kwanza, hugawa wahudumu kwa makundi, ili tatizo la umeme lisiwaguse wanaotoa pesa. Pili, huweka kikomo cha kusubiri: jibu lisipopatikana ndani ya sekunde chache, mhudumu huachana na ombi hilo na mteja huambiwa ukweli. Jibu la "imeshindikana, jaribu baadaye" linaudhi, lakini lina nafuu kuliko ukimya.

Dawa ya kuzima na kuwasha

Tatizo la pili linalojulikana sana na wanaotunza seva hizi ni kumbukumbu, yaani nafasi ambayo kompyuta huitumia kuweka mambo inayoyafanyia kazi kwa wakati huo. Java ina mfagiaji wake. Kila mara hupita na kuondoa vitu ambavyo havihitajiki tena. Kwa kawaida ufagiaji huchukua muda mfupi mno usioonekana. Lakini kumbukumbu ikikaribia kujaa, mfagiaji hupita mara kwa mara, na anapofagia kwa nguvu wahudumu wote husimama. Sekunde kadhaa hupotea bila mtu kuhudumiwa.

Wakati mwingine programu yenyewe ina kasoro: inashikilia vitu ilivyokwisha kuvitumia, na mfagiaji hawezi kuvitupa kwa sababu anaona vimeshikwa. Kumbukumbu hujaa polepole, siku baada ya siku, mpaka seva inaanguka.

Fundi huizima na kuiwasha, nayo hurudi na nguvu mpya. Baada ya siku chache hali ni ile ile. Zipo ofisi zilizozoea kuwasha upya seva zao kila usiku, kwa miaka, bila mtu kutafuta kasoro ilipo. Ni sawa na kumpa mtoto dawa ya kushusha homa kila jioni bila kumpima malaria.

Ya kulipia na ya bure

Je, hili latuhusu sisi wa vijijini? Ndiyo, na si kwa pesa za simu pekee. Vyama vya ushirika na SACCOS vingi vinanunua mifumo ya kompyuta kwa ajili ya akiba, mikopo na malipo ya mazao. Wanachama ndio wanaolipa, hivyo ni vyema wajue wanacholipia.

Zipo seva za Java za kulipia, kama WebLogic ya kampuni ya Oracle na WebSphere ya IBM. Zina uwezo mkubwa, na kampuni iliyoziunda huwajibika kutoa msaada, lakini leseni zake ni ghali. Zipo pia za bure. Tomcat tuliyoitaja hutunzwa na taasisi ya Apache. JBoss ilianzishwa mwaka 1999 na Marc Fleury, ikanunuliwa na kampuni ya Red Hat mwaka 2006, na toleo lake la bure leo linaitwa WildFly. Ukitaka msaada wa kitaalamu, Red Hat hukuuzia.

Walioutumia mfumo wa bure kwenye biashara wamejifunza jambo moja: kisicholipiwa ni programu tu, utunzaji hulipiwa. Bila mtu anayeijua, seva ya bure yaweza kuwa ghali kuliko ile ya leseni. Kwa hiyo mwuzaji anapokuja kwenye mkutano mkuu wa chama chenu, msiishie kuuliza bei. Muulizeni: Mfumo ukikwama saa nane usiku, nani anaamka? Nakala ya akiba ya hesabu zetu inahifadhiwa wapi, na mmewahi kujaribu kuirudisha? Mara ya mwisho mliweka maboresho ya usalama lini?

Kwa nini huduma huzimwa usiku

Swali hilo la mwisho si la kupuuza. Huenda umewahi kupata ujumbe unaosema huduma haitapatikana kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi alfajiri kwa sababu ya matengenezo. Wengi hukasirika. Lakini muda huo ndio ambao mafundi huutumia kuziba matundu.

Mwezi Machi 2017, kasoro kubwa ilitangazwa katika Struts, programu ya Java inayotumika kujenga tovuti za biashara. Kiraka cha kuiziba kilitolewa bure. Kampuni ya Equifax ya Marekani, inayotunza taarifa za mikopo ya watu, haikukiweka kwenye mfumo wake mmoja ambao wateja waliutumia kuwasilisha malalamiko. Mwezi Mei wadukuzi wakaingia kupitia tundu hilo hilo. Waligunduliwa mwishoni mwa Julai, baada ya kuchukua taarifa za watu wapatao milioni 147. Mwaka 2019 kampuni hiyo ilikubali kulipa angalau dola milioni 575. Kiraka kilikuwepo miezi miwili kabla ya wizi.

Kwa nini basi ofisi huchelewa? Kwa sababu mfumo unaofanya kazi unaogopwa kuguswa. Toleo jipya laweza kuhitaji programu nzima irekebishwe. Mwaka 2020, kwa mfano, taratibu za seva za Java, ambazo sasa zinaitwa Jakarta EE, zilibadilishwa majina ya ndani. Programu za zamani hazikuweza kuhamia huko bila kufanyiwa marekebisho. Mkuu wa ofisi huona gharama ya leo, asiione hasara ya kesho.

Pesa imekatwa lakini haijafika

Turudi kwa wakala. Ndani ya mfumo mmoja, seva ya programu hufuata kanuni thabiti: muamala ukamilike wote au usifanyike kabisa. Haiwezekani salio lako lipungue bila mahali pengine kuongezeka. Shida huanza pale kampuni mbili zinapohusika, kwa mfano benki na kampuni ya simu. Upande wa kwanza unatuma ombi na kusubiri. Upande wa pili unalitekeleza, lakini jibu linachelewa au linapotea njiani. Upande wa kwanza unajikuta haujui: je, limefanyika au halijafanyika?

Hapo pesa hubaki ikining'inia mpaka pande mbili zilinganishe hesabu zao. Haijaliwa, lakini hauwezi kuitumia. Na ukirudia muamala kwa haraka, huenda ukalipa mara mbili.

Kwa hiyo, ukikutwa na hali hiyo:

- Usirudie kubonyeza. Kwanza angalia salio lako, kisha angalia orodha ya miamala ya mwisho kwenye simu.
- Usiondoke kwa wakala kabla ninyi wawili hamjakubaliana kama muamala umepita. Wakala naye aangalie salio lake.
- Tunza ujumbe wenye namba ya muamala. Kama haukuja, andika saa, kiasi na namba ya wakala.
- Piga simu ya huduma kwa wateja kwa namba rasmi ya mtandao wako au benki yako. Namba ya mtu anayejitolea "kukusaidia" usiitumie.
- Namba ya siri usimpe mtu yeyote. Matapeli hujua siku ambazo mifumo inasumbua, na huo ndio wakati wanaopiga simu.
- Kama ni ada au dawa, na muda unaruhusu, usingoje siku ya mwisho wa mwezi. Asubuhi na mapema foleni huwa fupi.

Nao wenye huduma tunawaomba jambo moja. Mfumo ukikwama, wasiwaachie mawakala kazi ya kusema "mtandao unasumbua". Ujumbe mfupi unaoeleza kwamba miamala inachelewa na watu wasirudie kubonyeza, ungepunguza foleni ya kwenye seva na ile ya kwa wakala pia. Mkulima aliyeuza mbuzi wake ana haki ya kujua pesa yake iko wapi.