Gego Likipata Ufa

Mtu akivunjika mfupa wa mguu hufungwa, akapumzika, na baada ya majuma kadhaa mfupa huunga. Gego halina bahati hiyo. Likipata ufa, ufa haufungi. Husalia vivyo hivyo au huzidi.

Ganda la nje la jino ni gumu kupita kitu kingine chochote mwilini, lakini ugumu si kinga ya kupasuka; kigae nacho ni kigumu. Tena magego yamekaa karibu na kiungo cha taya, mahali penye nguvu nyingi kabisa ya kuuma.

Adui wa kwanza yumo chunguni. Jiwe dogo katika githeri, likikutwa na mtu atafunaye kwa haraka, laweza kukata pembe ya gego mara moja. Wako pia wafunguao chupa kwa meno (ujasiri wa ajabu!) na watafunao mifupa. Wengine husaga meno usingizini, wasijue ila waambiwe na wake zao. Gego lililozibwa tundu kubwa limebakiwa na kuta nyembamba, nalo huvunjika upesi. Na katika Bonde la Ufa, pande za Nakuru, maji ya visima vingi yana floraidi nyingi mno. Mtoto ayanywaye meno yake yakingali yanaumbika huweza kuota meno ya kahawia, na yaliyodhurika sana humeguka ganda.

Dalili huwapotosha wengi. Jino haliumi kutwa. Huchoma ghafla unapouma kitu, na pengine zaidi unapoachia, au unywapo maji baridi. Ufa huwa mwembamba hata picha ya eksirei mara nyingi haiuonyeshi, kwa hiyo mweleze daktari wa meno hayo yote. Ukienda mapema huenda akalivika gego kofia. Ufa ukishuka mzizini, kwa kawaida hapana budi ling'olewe.

Basi chagueni maharagwe mchana, penye mwanga, si jioni kando ya moto. Pigeni mswaki mara 2 kila siku kwa dawa yenye floraidi, kwani kiasi hicho kidogo huzuia matundu. Asagaye meno usiku aweza kutengenezewe kinga ya kuvaa alalapo.

Gego likivunjika, sukutua kwa maji ya vuguvugu, tafunia upande wa pili, umwendee daktari. Usibandike aspirini penye maumivu: huunguza ufizi.