Je, Wajua? Mota ya Lenzi

Kamera ya DSLR ya anayeanza mara nyingi huuzwa pamoja na lenzi ya milimita 18–55. Kwenye 18 ukumbi mzima wa harusi huingia pichani. Kwenye 55 huonekana uso wa bibi harusi. Anayetaka kuongeza lenzi nyingine ajue kwamba baadhi ya kamera za wanaoanza, kama Nikon D3500 ya mwaka 2018, hazina mota ya fokasi ndani ya bodi. Lenzi ya zamani ya Nikon ya aina ya AF-D hufungika kwenye kamera hizo sawasawa, lakini fokasi hupatikana kwa kuzungusha pete kwa mkono. Lenzi za AF-S na AF-P zina mota zake. Lenzi za Canon EF zimekuwa nazo tangu 1987. Mnunuzi wa lenzi ya mtumba aisome alama kabla ya kulipa.