Kadi ya Kliniki Isikae Sandukuni

Mama mwenye shughuli nyingi ni nadra kusahau chumvi, kwani chungu chenyewe humkumbusha. Husahaulika lile lisilo na mkumbushaji. Hapa Tanzania chanjo ya surua na rubela hutolewa mara mbili: mtoto atimizapo miezi 9, kisha miezi 18. Hii ya pili ndiyo hupotea, maana mtoto keshaanza kukimbia, na nyumba ina mengine. Lakini si kila mtoto hupata kinga kwa dozi ya kwanza. Basi itundike kadi ukutani kando ya kalenda, tarehe ikizungushiwa wino, baba naye aione (mtoto ni wake pia). Na kama siku imekwisha pita, mpelekeni vivyo hivyo, muuguzi atawaelekeza.