KABURI LA MFALME CHILDERIC
Fundi bubu aliligundua, wakubwa waliligombea, wezi waliliyeyusha

Mtu aliyewahi kufanya biashara Burundi au Rwanda anajua kwamba fedha za nchi hizo huitwa faranga. Neno hilo lilifika huko pamoja na utawala wa Wabelgiji, na asili yake ni Kifaransa. Ukilifuata nyuma zaidi, neno hilo pamoja na jina lenyewe la Ufaransa, utafika kwenye makabila ya Kijerumani yaliyokaa kando ya mto Rhine yapata miaka 1,700 iliyopita. Hao ndio Wafranki.

Wafranki wa mwanzo hawakuandika historia yao. Habari zao nyingi tunazipata kwa askofu Gregory wa mji wa Tours, ambaye aliandika kitabu chake karibu miaka mia moja baada ya mambo mengi anayoyasimulia. Habari nyingine zimo ardhini, makaburini mwao. Kati ya makaburi hayo yote hakuna lililo mashuhuri kama lile la Mfalme Childeric, na hakuna lililopatwa na mikasa kama lilo hilo.

SULULU YAGONGA DHAHABU

Tarehe 27 Mei, 1653, vibarua walikuwa wakichimba msingi karibu na kanisa la Mtakatifu Brice katika mji wa Tournai, ambao leo umo nchini Ubelgiji. Miongoni mwao alikuwamo mwashi mmoja aitwaye Adrien Quinquin, kiziwi na bubu. Alipofikia kina cha futi saba au zaidi, sululu yake ilipasua kitu, na mara dhahabu ikamwagika miguuni pake. Maskini yule hakuwa na maneno ya kuwaita wenzake. Alitoa sauti kwa nguvu zake zote, akipunga mikono, hata watu wakamkimbilia, na padri akaja.

Kilichopasuka kilikuwa mkoba wa ngozi wenye sarafu za dhahabu zaidi ya mia moja. Palikuwa na sarafu za fedha pia zipatazo mia mbili, upanga na sime vyenye mapambo ya dhahabu na vito vyekundu, mkuki, shoka, bangili nene ya dhahabu, bizimu la kufungia joho, tufe la kioo cha mawe, mifupa ya binadamu na fuvu la farasi. Na palikuwa na vidudu vidogo vya dhahabu, wapatao mia tatu, wenye mabawa ya vito vyekundu. Watu waliwaita nyuki, ingawa wako wataalamu wanaosema kwamba ni nyenje.

Lakini kitu chenye thamani kuliko vyote kwa historia kilikuwa pete ya muhuri. Ilichorwa sura ya mtu mwenye nywele ndefu zilizoshuka mabegani, ameshika mkuki, na kandokando maneno mawili ya Kilatini: CHILDIRICI REGIS, yaani “ya Mfalme Childeric”. Laiti isingalikuwa pete hiyo, kaburi lile lingalikuwa la tajiri fulani asiyejulikana.

MFALME MWENYE MABWANA WAWILI

Childeric alifariki mwaka 481 au 482. Gregory anasimulia kwamba katika ujana wake aliwaharibia Wafranki binti zao, wakamfukuza, akakimbilia kwa mfalme wa Thuringia. Kabla ya kuondoka alikata sarafu ya dhahabu vipande viwili: kimoja akachukua, cha pili akamwachia rafiki yake wa kuaminika. Baada ya miaka minane rafiki akampelekea kile kipande, ishara kwamba hasira ya watu imepoa. Akarudi, na Basina, mke wa yule mfalme aliyempa hifadhi, akamfuata. Mtoto wao ndiye Clovis. Hadithi ya namna hii ina utamu wake, na mimi binafsi siwezi kula kiapo juu yake.

Kaburi linasema mambo mengine, nayo ni ya kuaminika zaidi. Sarafu zile zilitoka Konstantinopoli, na za mwisho zina sura ya Kaisari Zeno, aliyetawala tangu 474 hadi 491. Bizimu lile la dhahabu ni la namna iliyovaliwa na maofisa wakubwa wa Rumi. Basi mtu huyu, ambaye vitabu vya zamani vilimchora kama mshenzi aliyekuja kuubomoa ustaarabu wa Rumi, alikuwa akila mshahara wa Rumi na kuvaa nguo zake. Silaha zake, kwa upande mwingine, zilikuwa za mkuu wa vita wa kabila lake, na vilevile zile nywele ndefu, ambazo kwa Wafranki zilikuwa alama ya ufalme. Dola ya Rumi ya Magharibi haikuanguka kama mti uliokatwa shoka. Ilichakaa, na watumishi wake wakairithi kidogo kidogo.

Vito vyekundu navyo vina safari yao. Huitwa garneti, na uchunguzi wa maabara umeonyesha kwamba sehemu kubwa ya garneti katika mapambo ya Wafranki ya karne ya tano na ya sita ilitoka Bara Hindi na Sri Lanka. Vilisafirishwa na majahazi yaliyofuata pepo za misimu hadi Bahari ya Shamu, kisha kwa mikono ya wafanyabiashara wengi mpaka kwa sonara. Wakazi wa pwani zetu wanaozijua kaskazi na kusi hawatashangaa.

WAKUBWA NA WEZI

Hazina haikukaa Tournai. Ilipelekwa kwa Leopold Wilhelm, aliyekuwa gavana wa Mfalme wa Hispania katika nchi hizo. Yeye alimwagiza tabibu wake, Jean-Jacques Chifflet, aandike habari zake, na kitabu kikatoka mwaka 1655 chenye michoro ya vitu hivyo. Mwaka uliofuata gavana akaihamishia Vienna. Mwaka 1665 Kaisari Leopold wa Kwanza akamzawadia Louis wa Kumi na Nne wa Ufaransa kama shukrani kwa msaada wa vita dhidi ya Waturuki. Hivyo ndivyo wakubwa walivyopeana vitu vya marehemu.

Napoleon naye alipojitawaza mwaka 1804 alitaka alama iliyo kongwe kuliko yungiyungi la wafalme waliopinduliwa. Akachagua nyuki wa Childeric, akawatarizi kwa uzi wa dhahabu juu ya joho lake.

Usiku wa tarehe 5 kuamkia 6 Novemba, 1831, wezi waliingia katika maktaba ya mfalme mjini Paris ilimohifadhiwa hazina hiyo. Dhahabu nyingi iliyeyushwa. Vitu vingine vilitupwa katika mto Seine, vikaopolewa. Pete haikuonekana tena.

Hapo ndipo kile kitabu cha Chifflet kilipopata thamani ambayo mwandishi wake hakuitazamia. Leo mtu akitaka kujua bangili ilikuwaje, au kichwa kidogo cha ng’ombe cha dhahabu kilikuwa na pembe za namna gani, hana budi kufunua kurasa zake. Hata hivyo tabibu hakuweza kuandika jambo ambalo hakuliona: siku ile ya Mei watu walikusanya dhahabu kwa pupa, na hakuna aliyechora kila kitu kilipolala. Ndiyo maana mpaka sasa wataalamu wanabishana kama nyuki walishonwa kwenye joho la mfalme au kwenye matandiko ya farasi wake.

FARASI WA TOURNAI

Miaka 330 baadaye ardhi ileile ilichimbwa tena, safari hii kwa brashi na kamba ya kupimia. Kati ya 1983 na 1986 Profesa Raymond Brulet wa Chuo Kikuu cha Louvain na wenzake walichimba jirani na kanisa la Mtakatifu Brice. Hawakupata hazina. Walipata mashimo matatu yenye mifupa ya farasi wapatao 21, waliozikwa wakati mmoja. Makaburi ya karne ya sita yalikuwa yameyakata mashimo hayo, kwa hiyo farasi walitangulia. Na kipimo cha kaboni kiliafikiana na zama za Childeric.

Farasi 21 wa vita kuchinjwa kwa ajili ya maiti mmoja! Hiyo ilikuwa mali ya kutisha, na ilikuwa ibada ya kipagani iliyofanywa hadharani, yumkini mbele ya macho ya Clovis, kijana wa miaka kama kumi na mitano aliyerithi kiti. Kijana huyo ndiye aliyekuja kubatizwa na Askofu Remigius mjini Reims, akaiteka sehemu kubwa ya Gaul na kuufanya Paris makao yake. Alipokufa mwaka 511 alizikwa kanisani, bila farasi.

Kutoka kwenye mapambo ya upanga, maktaba ya taifa mjini Paris ingali inahifadhi vipande kadhaa, na garneti zake zingali zinang’aa. Nyuki waliobaki ni wawili.