Neno "Wino" na Istilahi za Printa ya Nyumbani

Makala haya yanakusudia kufafanua baadhi ya istilahi zinazohusu printa ndogo za nyumbani. Shabaha yetu si kuorodhesha maneno kwa ajili ya kuyahifadhi kamusini. Mnunuzi anayesimama dukani huamua kwa kutumia maneno aliyo nayo. Maneno hayo yasipobainisha vitu, huenda akalipa zaidi ya inavyompasa, au akachapa hati isiyodumu.

1. Printa na kichapishi

Maneno yote mawili yanatumika. Neno kichapishi limeundwa kutokana na kitenzi chapisha, na shina lake, chapa, lilitujia zamani kutoka Kihindi. Hata hivyo, kuchapisha kitabu ni kukitoa kwa wasomaji, ilhali kazi ya mashine hii ni kupiga chapa tu. Kwa kuwa printa limekwisha kuenea madukani na maofisini, na halina utata huo, ndilo tunalolitumia hapa.

2. Printa ya matone

Wengi husema "printa ya wino" ili kuitofautisha na printa ya leza. Jina hilo lina kasoro, kwani hata unga wa printa ya leza, yaani tona, aghalabu huitwa wino. Tofauti hasa imo katika namna ya kuchapa. Printa ya leza hugandisha unga juu ya karatasi kwa joto. Hii nyingine hurusha wino wa majimaji kupitia vitundu vidogo mno.

Mwaka 1977, katika kampuni ya Canon ya Japani, chuma cha moto cha kulehemea kiligusa kwa bahati sindano yenye wino, na wino ukaruka. Hapo ndipo ilipochipuka njia ya Canon ya kusukuma tone kwa kiputo cha joto. Kampuni ya Epson hutumia kipande kinachojikunja kipitiwapo na umeme. Printa ya ThinkJet ya Hewlett-Packard ya mwaka 1984 ilikuwa na vitundu 12 tu. Katika njia zote hizo kuna tone. Kwa hiyo tunapendekeza istilahi printa ya matone.

3. Katriji na tangi

Katriji ni kibweta cha wino kinachotolewa na kubadilishwa kizima. Tangi ni chombo kilichomo ndani ya printa, nacho hujazwa kutoka kwenye chupa. Si sahihi kuyachanganya maneno haya, maana hapa ndipo penye gharama. Aghalabu printa ya katriji huuzwa kwa bei nafuu, na ya tangi kwa bei kubwa zaidi. Lakini bei ya mashine si bei ya kuchapa.

Tuchukue mfano wa kubuni. Katriji ya shilingi 40,000 inayotoa kurasa 160 humgharimu mtumiaji shilingi 250 kwa kila ukurasa. Chupa ya shilingi 36,000 inayotoa kurasa 4,500 humgharimu shilingi 8. Idadi ya kurasa huandikwa na watengenezaji wengi, nasi tunaiita mazao ya wino. Mnunuzi na agawanye bei kwa mazao kabla ya kufungua mkoba.

4. Wino wa myeyuko na wino wa chembe

Katika wino wa myeyuko, rangi imeyeyuka kabisa kama sukari katika chai. Hung'aa katika picha, lakini aghalabu huchujuka ukipata maji. Katika wino wa chembe, rangi ni vumbi laini lililoelea bila kuyeyuka. Hukaa juu ya karatasi na hustahimili maji na mwanga kwa muda mrefu zaidi. Printa nyingi huweka wino wa chembe kwa rangi nyeusi na wa myeyuko kwa rangi nyingine. Anayechapa mikataba au barua za maombi hana budi kuuliza wino mweusi ni wa aina gani. Akiuliza tu, "Ina wino mzuri?", hajauliza kitu.

5. Istilahi za matumizi

Kichwa cha kuchapa ni sehemu yenye vitundu. Wino ukikauka humo, vitundu huziba na mistari myeupe hutokea katika maandishi. Dawa yake ni kusafisha kichwa kwa amri ya printa yenyewe. Lakini kazi hiyo nayo hula wino, basi isirudiwe ovyo. Afadhali kuchapa ukurasa mmoja wenye rangi zote kila wiki.

Kadhalika, kuzima na kuchomoa si jambo moja. Printa ikizimwa kwa kitufe chake hukirudisha kichwa mahali pake na kukifunika kisikauke. Ikichomolewa umeme ghafla huenda kichwa kikabaki wazi. Maelekezo yaandikwayo kwa Kiswahili yaseme "zima kwa kitufe", wala si "zima" peke yake.

Hitimisho

Istilahi njema humwonyesha msemaji mahali pa kuchagua. Neno wino litabaki, nalo ni zuri. Lakini likiachwa pweke linaficha tona, myeyuko na chembe chini ya kifuniko kimoja. Tunawaomba walimu, wauzaji na mafundi wayajaribu maneno haya katika kazi zao, kwani neno lisilokubalika dukani halitaokolewa na kamusi.