Mita Mpya ya Umeme: Nani Analipa, Nani Anafaidika?

Ipo mita ya umeme inayojisoma na kutuma hesabu kwa kampuni. Kampuni huokoa mishahara ya wasoma mita. Nawe waona matumizi yako mapema, ukayapunguza. Lakini mita hiyo hununuliwa, hufungwa na kutunzwa kwa fedha.

Ujerumani walipima jambo hili mwaka 2013, wakaona kuwa nyumba itumiayo umeme kidogo ingelipia mita kuliko akiba ambayo ingepata. Hivyo sheria yao ya 2016 iliwalazimisha wateja wanaotumia zaidi ya uniti 6,000 kwa mwaka, si kila nyumba.

Mradi kama huu ukifika mtaani kwenu, uliza: gharama itaingizwa kwenye bili yangu? Kiasi gani? Kisha linganisha na akiba utakayopata. Faida ya kampuni si lazima ifike jikoni kwako.